Besi anakula samoni, ndio, ila mto nani kaugeuza kuwa bwawa?

Nianze na namba maana kwenye hii ishu ya samaki wanaokula vifaranga vya samoni watu wanabishana sana bila namba. Kati ya mwaka 1983 na 1986 watafiti walikaa kwenye bwawa la John Day, mto Columbia, mpakani mwa majimbo ya Oregon na Washington kule Marekani, kazi yao kuvua samaki wakubwa, kutoa kilichomo tumboni na kuhesabu. Wakapata makadirio ya vifaranga vya samoni kama milioni 2.7 kila mwaka vinavyoishia matumboni mwa samaki wengine, na hapo ni bwawa moja tu, yaani kama asilimia 14 ya vifaranga vyote vilivyoingia humo. Sasa nani alikuwa anakula? Ukiuliza watu wengi watakwambia besi na wolai, wale samaki wageni walioletwa kutoka mashariki. Kumbe asilimia 78 alikula paikimino, samaki mwenyeji kabisa wa mto ule, kaishi na samoni toka enzi na enzi. Wolai alikula asilimia 13, besi mdomo-mdogo asilimia 9.

Nimeanza na hiyo kwa makusudi. Sio kwamba natetea besi, besi anakula vifaranga na anakula sana, nitafika huko. Ila naona tunakimbilia kuuliza nani kala kabla hatujauliza chakula kilimfikiaje mdomoni, na kwenye mito mikubwa ya pwani ya magharibi ya Marekani jibu la hilo swali la pili ni zege, yaani mabwawa. Halafu ipo mito mingine, midogo, ambako jibu sio zege kabisa, ni samaki mgeni mwenyewe basi, na huko kila mwaka unaopita bila kumtoa ni hasara isiyorudi. Hizi hali mbili zinachanganywa kila siku na hapo ndo hela inapotea na samoni wanaendelea kuisha.

Kwa ambaye hajawafuatilia hawa samaki, samoni anazaliwa mtoni kwenye maji baridi, jike anachimba changarawe kwa mkia anataga humo, jike mmoja wa Chinook, ile aina kubwa ya samoni, anaweza kutaga mayai kama 5,000. Vifaranga vikitoka vinakaa mtoni, vingine miezi michache, vingine mwaka na zaidi, halafu mwili unabadilika, vinakuwa vya fedha fedha, figo na matamvua yanajiandaa kwa maji ya chumvi, vinaanza kushuka kwenda baharini. Hicho kipindi cha kushuka, hasa Aprili mpaka Juni, ndo roho ya mambo yote. Kifaranga kina urefu wa kidole, hakijawahi kuona bahari, na kimewekewa muda na mwili wake, kikichelewa sana njiani ule utayari wa maji ya chumvi unafifia. Kwahiyo kila kinachomchelewesha ni adui hata kama hakina meno.

Zamani mto Columbia na mto Snake ilikuwa ikifika masika theluji inayeyuka, maji yanajaa, yanakuwa na tope, yanakimbia, na vifaranga vinabebwa kwenye hayo maji, mchana haonwi na mtu. Ulinzi wao ulikuwa vitu vitatu, kasi, baridi na tope. Sasa ukijenga bwawa umevitoa vyote vitatu kwa mpigo. Maji yanasimama, kwahiyo safari inarefuka na kifaranga ambacho kilikuwa kinabebwa sasa kinaogelea chenyewe. Jua linayapiga yale maji yaliyosimama yanapata joto, na besi ni samaki wa maji ya joto, joto likipanda tumbo lake linasaga haraka na anahitaji kula zaidi. Tope linashuka chini kwenye bwawa maji yanabaki meupe, na samaki anayewinda kwa macho anaona mbali. Halafu bado kuna ukuta wenyewe, kifaranga kikipita kwenye mitambo ya umeme au kikirushwa juu ya ukuta kinatokea upande wa pili kimezubaa, kizunguzungu, na wawindaji wanajua, wanakusanyika pale pale chini ya ukuta wanasubiri. Lile bwawa la John Day nililoanza nalo lina urefu wa zaidi ya kilomita 120. Yaani kilomita 120 za maji yaliyotulia, ya uvuguvugu, meupe, mahali ambapo kulikuwa na mto.

Ndo maana hata mwenyeji, paikimino, akageuka kuwa janga. Hakuwa janga kabla. Alikuwa anakula vifaranga toka zamani na samoni walikuwa wanarudi kwa mamilioni. Kilichobadilika ni mahali.

Na hapa kuna jambo linaniuma. Toka mwaka 1990 kuna programu inayolipa wavuvi kwa kila paikimino wanayemtoa Columbia na Snake, ukileta samaki wa kuanzia inchi 9 unalipwa dola kadhaa kwa kichwa, na ukibahatika kupata mwenye alama maalum unalipwa mamia. Hela inatoka Bonneville Power Administration, wale wanaouza umeme wa hayo mabwawa. Zaidi ya samaki milioni 5 wameshatolewa. Programu yenyewe kitaalamu imefikiriwa vizuri, lengo halikuwa kummaliza paikimino, ni kutoa asilimia 10 mpaka 20 ya wakubwa kila mwaka maana wakubwa ndo wanaokula vifaranga zaidi, na makadirio yao ni kwamba ulaji umepungua kwa hadi asilimia 40. Sawa, naikubali. Lakini angalia upande wa pili, miaka hiyo yote mwenyeji analipiwa kichwa, besi na wolai, wageni, walikuwa wanalindwa na sheria za uvuvi, mvuvi ana kikomo cha wangapi abebe kwa siku ili wasiishe. Oregon iliondoa hivyo vikomo kwenye Columbia mwaka 2016. 2016! Sababu ni kwamba besi na wolai wana wapenzi, kuna mashindano, kuna boti, kuna maduka ya vifaa, kuna watu wanaopiga kura. Paikimino hana mtu, ana miba mingi, hakuna anayempenda mezani. Usimamizi wa mto ukifuata nani anapendwa badala ya nani anakula nini, matokeo yake ndo hayo.

Nilisema nitafika kwa besi. Mto Yakima, unaoingia Columbia, kati ya 1998 na 2001 watafiti walikadiria besi mdomo-mdogo wanakula wastani wa vifaranga kama laki mbili kwa mwaka, na karibu vyote vilikuwa Chinook wa vuli, wale wanaoshuka wakiwa wadogo sana hawajatimiza hata mwaka. Wale Chinook wa masika, wanaokaa mwaka mzima mtoni na kushuka wakiwa wakubwa, waliguswa kidogo tu. Hiki kitu ni muhimu kuliko ile namba yenyewe. Chinook wa vuli vifaranga vyake vinakaa pembeni pembeni kwenye maji ya kina kifupi, hapo hapo besi anapokuja kutaga na kulinda kiota chake masika, na vina ukubwa ule ule wa samaki besi anaopenda kuwala. Kwahiyo mtu akikwambia "besi anamaliza samoni" muulize samoni yupi, mwezi gani, sehemu gani ya mto. Besi yule yule kwa samoni mmoja ni msiba na kwa mwingine hana habari naye. Tena kwenye mto John Day, huu ni mto sio lile bwawa, besi wanazidi kupanda juu kadri maji yanavyopata joto, wanaingia sehemu ambazo vifaranga vilikuwa peke yao. Miti ya kingo ikikatwa, maji yakipungua, joto likipanda, ni kama umemfungulia besi geti.

Twende California, maana huko ndo siasa yake imechachamaa.

Mwaka 1879 mtu anaitwa Livingston Stone alisafirisha besi wa mistari, huyu ni aina nyingine sio yule mdomo-mdogo, kwa treni kutoka mito ya New Jersey, bahari mpaka bahari, akafika na samaki kama 132 akawaachia mlango bahari wa Carquinez karibu na Martinez. Mwaka 1882 wakaletwa wengine kama 300. Hao tu. Na mwaka 1899 wavuvi wa biashara walikuwa wanavua zaidi ya tani 500 za hao samaki kwa mwaka. Miaka 20! Kinachosikitisha ni kwamba huyo huyo Stone alikuwa mtu wa samoni, ndiye aliyeanzisha kituo cha kutotolesha mayai ya samoni kwenye mto McCloud, hakuwa mtu mbaya, enzi zile kuhamisha samaki ilionekana ni maendeleo na serikali ndo iliyokuwa inalipia.

Besi wa mistari anakula vifaranga vya samoni, hilo halina ubishi. Mwaka 2008 muungano wa watumiaji wa maji, wengi ni wakulima wa umwagiliaji wa upande wa kusini wa bonde la San Joaquin, walienda mahakamani wakisema idara ya samaki ya jimbo kwa kumlinda besi huyu inasaidia kuua samoni waliopo kwenye orodha ya walio hatarini. Kesi ikaisha kwa makubaliano 2011, idara ikapeleka pendekezo, mvuvi aruhusiwe besi 6 kwa siku badala ya 2 na urefu wa chini wa samaki anayeruhusiwa kubebwa ushuke kutoka inchi 18 hadi 12. Februari 2012 kamisheni ya jimbo ikalikataa.

Mimi nikiiangalia ile kesi naona hoja yao ya kibaiolojia ilikuwa na ukweli ndani yake, ila ilikuwa inaficha kitu. Samoni wa Chinook wa kipupwe, wale wa mto Sacramento ambao hawapo popote pengine duniani, mwaka 1969 walirudi kama 117,000. Besi wa mistari walikuwa wameshakaa humo miaka 90, na miaka ile walikuwa wengi kuliko walivyo sasa. Mwaka 1991 Chinook wa kipupwe waliorudi hawakuzidi sana 200. Kama tatizo ni besi, mbona besi wengi walikaa na samoni wengi, na samoni wameporomoka wakati besi nao wanapungua? Wote wawili wanashuka pamoja, sasa hiyo ni picha ya nyumba inayovuja kwa juu, sio ya mpangaji mmoja mkorofi.

Na tundu linajulikana. Bwawa la Shasta lilimalizika 1945 likafunga njia ya kwenda kwenye chemchemi baridi za juu, McCloud na wenzake, ambako hawa Chinook wa kipupwe walikuwa wanataga katikati ya kiangazi. Sasa wanataga chini ya bwawa, kwenye tambarare la joto, wanaishi kwa maji baridi yanayofunguliwa kutoka kilindi cha Shasta, maji yakiisha baridi wamekwisha. Ukame wa 2014 na 2015 ndo hivyo ilivyotokea, zaidi ya asilimia 90 ya mayai na vifaranga vya miaka hiyo miwili vilikufa, hasa kwa joto la maji, hakuna besi hata mmoja aliyehusika, vilikufa kabla ya kumfikia besi.

Halafu chini kule kwenye delta, mito ya Sacramento na San Joaquin inapokutana, kuna pampu kubwa zinazovuta maji kwenda kusini. Zile za jimbo zinavuta kupitia dimbwi linaloitwa Clifton Court, ambalo mageti yanafunguliwa maji yanaingia kwa nguvu na vifaranga ndani yake. Ndani ya lile dimbwi besi wa mistari wamejaa. Majaribio ya miaka mingi yaliyofanywa pale, wanaachia vifaranga vyenye alama mlangoni wanahesabu vingapi vimefika kwenye wavu wa kuokolea, yalionyesha hasara ya kati ya asilimia 63 na 99. Soma tena, 63 mpaka 99. Hii ndo mifano watu wanaichukua kuonyesha besi alivyo hatari, na mimi nachukua mfano huo huo kuonyesha kinyume, kwasababu pale pampu ndo imewachota vifaranga kutoka njia yao, imewatia kwenye chumba kimoja na wawindaji, na imefunga mlango. Besi amekula, kweli. Aliyewakusanya ni nani? Na wanaofaidika na yale maji ni ndugu wa wale wale waliopeleka kesi kumshtaki besi. Sisemi wana nia mbaya, mkulima anatetea shamba lake, lakini lazima tuliseme waziwazi maana pesa ya kuwaua besi ni ndogo na maji yanayobaki mtoni ni ghali, na kila mwaka tunaotumia kwenye jambo dogo ni mwaka ambao jambo kubwa limepumzishwa.

Kuna jaribio nalipenda sana kulitolea mfano, la mto Mokelumne, matokeo yake yalitoka 2013. Wakachagua kipande cha mto, wakatoa samaki wawindaji kwa boti ya shoti ya umeme, wakaachia vifaranga vyenye vifaa vya sauti wakaangalia vingapi vinapita salama. Baada ya kuwatoa mara ya kwanza kupona kukapanda kutoka chini ya asilimia 80 hadi zaidi ya 99. Ukiishia hapo utashangilia. Wakarudia mara ya pili, safari hii kupona kukarudi pale pale kulikokuwa mwanzo, wawindaji wapya walishaingia kujaza nafasi. Nafasi nzuri ya kuwinda haikai wazi, unamtoa mmoja anakuja mwenzake. Ila katika jaribio hilo hilo maji yalipoongezwa kutoka juu, mto ukapata kasi, vifaranga vikapita vizuri. Na baadae watafiti wengine walijaribu kuwahamisha wawindaji kwenye mto San Joaquin, juhudi kubwa, vipande kadhaa vya mto, hawakuona faida ya maana kwa vifaranga.

Hapa niseme kidogo kuhusu hivi vipimo maana watu wanavirusha tu. Kile kifaa cha sauti kinachowekwa tumboni mwa kifaranga hakijui kama kifaranga kimeliwa. Besi akimeza kifaranga anaogelea na kifaa kikiendelea kulia, na ukisoma data unaona "kifaranga" kinapanda mto, kinashuka, kinazunguka sehemu moja wiki nzima. Siku hizi kuna vifaa vinavyobadili mlio vikikutana na tindikali ya tumboni, ila tafiti nyingi za zamani zilibidi zikisie kwa mwendo tu. Na kuhesabu matumboni nako kuna mtego wake, unaweza kujua besi kala vifaranga vingapi, huwezi kujua katika hivyo vingapi vingekufa hata hivyo, vilikuwa vigonjwa, vimezubazwa na mitambo, au vimetoka kwenye vituo vya kutotoleshea ambako havijawahi kumuona adui maisha yao yote vikafunguliwa laki kadhaa kwa siku moja. Kwahiyo "vifaranga milioni 2.7 vimeliwa" haimaanishi tukiwatoa wawindaji tunapata milioni 2.7 baharini.

Kinachofanya kazi kweli kwenye mito ya namna hii ni kuvunja sehemu za kuvizia. Mfano ni Red Bluff, mto Sacramento huo huo. Mwaka 1964 ilijengwa kuta ya mageti ya kuinua maji yaingie kwenye mifereji ya mashamba, vifaranga vikipita chini ya mageti vinatokea vikizunguka zunguka, paikimino na besi wa mistari wakapafanya pale makao. Wangeweza kuua wawindaji pale miaka 100. Badala yake wakajenga kituo cha pampu chenye wavu wa kuzuia samaki, kikaanza kazi 2012, mageti yakainuliwa moja kwa moja. Mto unapita wazi. Mashamba yanapata maji. Nashindwa kuelewa kwanini huu mfano hausemwi kila mkutano.

Na Klamath, mto wa Oregon na California, ndo kubwa kuliko zote, mabwawa manne yamebomolewa, la kwanza 2023 na matatu 2024, na Oktoba hiyo hiyo ya 2024 Chinook walishavuka mpaka Oregon, sehemu ambazo hawakufika kwa zaidi ya miaka 100. Samaki wageni wa maji ya joto waliokuwa wanastawi kwenye yale mabwawa wamepoteza makazi yao kwa wiki chache, hakuna aliyewavua.

Sasa baada ya kusema yote hayo naomba msomaji asiondoke akidhani kila mahali ni hivyo. Hapana. Na hapa nakosana na watu wa mazingira ambao ukitaja samaki mgeni tu wanasema "unawatetea wenye mabwawa".

Alaska kuna kijito kinaitwa Alexander, kinaingia mto Susitna. Hakina bwawa, hakina pampu, hakina mashamba ya umwagiliaji. Kilikuwa moja ya sehemu zinazosifika kwa Chinook. Paiki, sio paikimino, huyu ni samaki mwingine, mrefu mdomo kama bata, ni mwenyeji kaskazini na magharibi ya safu ya milima ya Alaska, huko anaishi na samoni hawamalizani wamezoeana toka zamani, lakini upande wa kusini wa milima hakuwepo. Miaka ya 1950 mtu au watu wakambeba wakamwachia kwenye ziwa moja la bonde la Susitna bila ruhusa ya yeyote. Akasambaa na mafuriko ziwa kwa ziwa. Mito yenye maji ya kasi na baridi ilihimili, ila Alexander ni kijito kinachokwenda polepole, kina majani mengi na vidimbwi pembeni, yaani kila mahali ni maficho ya paiki na kila mahali hapo hapo ndo malezi ya vifaranga. Chinook wakaporomoka, 2008 uvuvi wao ukafungwa kabisa. Toka 2011 kila masika idara ya samaki ya Alaska inaweka nyavu za makila kwenye vile vidimbwi inatoa paiki maelfu, na vifaranga vimeanza kuonekana tena sehemu ambazo vilitoweka. Ni kazi ya kila mwaka, hawawezi kuacha. Linganisha na kijito cha Soldotna, rasi ya Kenai, ambako mfumo wa maji ni mdogo na waliwahi, kati ya 2014 na 2017 waliwahamisha samaki wenyeji, wakaweka dawa ya rotenoni, wakaua kila paiki, wakarudisha wenyeji. Imekwisha. Hakuna paiki.

Na Oregon, mto Coquille, besi mdomo-mdogo alionekana 2011, kawekwa na watu, sio serikali. Chinook wa vuli mwaka 2010 walikuwa zaidi ya 30,000, mwaka 2019 wakarudi 275. Nakubali bahari nayo ilikuwa mbaya na maji ya kiangazi yalikuwa ya joto, lakini mito ya jirani isiyo na besi haikuanguka vile. Kabila la Coquille, ambao mto huo ni uhai wao, walipiga kelele wakasukuma mpaka jimbo likafanya nao kazi, vikomo vikaondolewa, watu wakaruhusiwa kuvua besi kwa mkuki, boti za shoti ya umeme zikaingia. Hapo mimi nasema ueni besi, kila mnayemuona, bila kusubiri utafiti wa miaka 10. Mto hauna kuta kubwa ya kulaumiwa, mgeni ana miaka michache, bado anaweza kubanwa.

Kwahiyo kabla sijasikiliza mtu anayetaka bajeti ya kuua samaki wageni huwa nataka kujua amefika lini, na mto wenyewe uko katika hali gani. Amekaa miaka 140 kwenye mto uliofanywa bwawa? Peleka hela kwenye mageti, nyavu za pampu, maji ya masika. Amefika juzi kwenye mto ulio hai? Peleka hela kwa wenye makila, leo.

Na kuna sehemu moja ambayo hayo mawili yanakutana, ndo inayonikosesha raha kuliko zote. Paiki waliobebwa kinyume cha sheria waliingia mto Pend Oreille, wakaingia Columbia, sasa wako ziwa Roosevelt nyuma ya bwawa la Grand Coulee. Chini ya Grand Coulee kuna bwawa la Chief Joseph, na chini ya Chief Joseph ndo samoni wa Columbia wanaanzia, kwasababu zile kuta mbili zilijengwa bila ngazi ya samaki. Wanaopambana na paiki mstari wa mbele ni makabila ambayo hizo kuta ziliwanyima samoni, kuanzia Grand Coulee mwishoni mwa miaka ya 1930. Kalispel walianza na makila 2012 kwenye Pend Oreille wakawapunguza kwa zaidi ya asilimia 90. Colville wanalipa dola 10 kwa kila kichwa cha paiki, Spokane nao wako majini na nyavu, na makabila haya haya ndo yanafanya kazi ya kurudisha samoni juu ya Grand Coulee. Jike mkubwa wa paiki anataga mayai makumi ya elfu kwa msimu mmoja, na maji yakifunguliwa Grand Coulee masika yanaweza kuwasukuma chini. Kila anayelipa bili ya umeme wa Columbia amechangia kumlipa mvuvi wa paikimino kwa zaidi ya miaka 30. Hela ya namna hiyo, ya uhakika, kila mwaka, inatakiwa iende ziwa Roosevelt sasa hivi wakati paiki bado yuko upande wa juu wa ukuta.